Ametutoa, Ametutoka

Chekeni tu, maana najua mtacheka, kila anayesikia kisa hiki huanza kwa kucheka na mimi nimeshazoea kukaa kimya nikimsubiri amalize, halafu namweleza habari za mama yake Anande na hapo namwona anainamia kikombe chake cha chai kama kuna kitu kimezama humo. Kwa hiyo leo naanza na huyo mama mwenyewe. Alikuwa nyumbani kwake Usangi, kule milimani Upareni, anasubiri picha moja tu ya binti yake. Picha ilifika. Aliyeituma ni mimi, Mwanahawa mnayemjua, na aibu niliyoipata siku ile natamani wallahi ingeishia kwenye aibu tu.

Mimi na Anande tulisoma pamoja hapa Texas, kwenye chuo kimoja kidogo kilicho kwenye mji mdogo kando ya barabara ya Dallas kwenda Houston, vile vyuo vyao vya kusoma kila kitu, falsafa, muziki, historia, nyota za angani, ambavyo ukimweleza mtu wa nyumbani anakuuliza, sasa ukimaliza utakuwa nani, mwalimu au daktari? (Baba yangu aliuliza mpaka anaingia kaburini.) Waafrika tulikuwa sisi wawili. Tulilala chumba kimoja, tukapika ugali kwa unga wa mahindi wa Wameksiko ambao haukubali kushikana, tukalia pamoja baridi ya kwanza. Baadaye yeye akaongeza masomo ya uuguzi akaenda Houston, anakaa Pearland na anafanya kazi kwenye hospitali kubwa huko mjini, mimi nikabaki Carrollton, upande wa Dallas, kwenye ofisi ya bima, nikinenepa.

Sasa pale chuoni kuna ukuta. Ukiingia tu jengo kuu unakutana nao, ukuta wa wahitimu mashuhuri, picha kubwa nyeusi na nyeupe kwenye fremu za mbao: jaji mwenye masharubu, mtunzi wa nyimbo za kanisa, bibi mmoja aliyeandika vitabu vya ndege, mwanajeshi, na wengineo, karibu wote marehemu. Enzi zile tukipita pale Anande alikuwa akiwapungia mkono na kuwaambia "Shikamooni," mimi nakufa kwa kicheko. Basi mwaka huu chuo kikaamua kumweka na yeye ukutani. Sababu ni kazi yake na wagonjwa wa kiharusi, wale wanaoamka wamepoteza maneno au wamepoteza miaka, hawajui walipo. Alibuni namna ya kuwafundisha wauguzi kuzungumza nao, na hospitali nyingi zikaiga.

Na mimi je, umashuhuri wangu? Mimi ni katibu wa umoja wetu. Mnajua wenyewe katibu anafanya nini: anatangaza misiba. Grupu letu la simu lina Watanzania, Wakenya, Wakongo wa Haltom City, wote wa Dallas na Houston, na mtu akifiwa ni mimi ninayeandika, "Wapendwa, kwa masikitiko, ndugu yetu fulani ametutoka, taarifa zaidi zitafuata." Nimeandika hivyo mara nyingi mno, mpaka watu wakiona jina langu limetokea wanashika kifua kabla hawajafungua. Nyambura, muuguzi mmoja Mkenya, rafiki yangu sana, aliwahi kuniambia kwa mdomo wake, "Mwanahawa, wewe nikiona umetuma kitu naanza kuomba kwanza." Tulicheka, lakini iliniuma. Hakuna anayependa kuwa bundi wa watu.

Ndiyo maana siku ya sherehe ya Anande niliamka na kiherehere cha ajabu. Nikasema leo, leo kwa mara ya kwanza, mimi Mwanahawa nitatangaza jambo la heri. Nikavaa gauni langu la kijani, nika-drive mapema, nikafika kabla ya wageni wengine. Anande alikuwa chumba cha nyuma anavalishwa joho, akanikumbatia akaniambia, "Mwana, simu yangu nimeizima, siwezi kuongea na mtu sasa hivi. Nenda kapige picha pale ukutani umtumie mama. Tangu jana ananiuliza, picha iko wapi, picha iko wapi." Mama yake hana simu ya picha, kwa hiyo mambo kama hayo tulikuwa tunamtumia jirani yake, Mwalimu Nakijwa, mwalimu mstaafu, naye anavuka ua anampelekea. Kule ilikuwa jioni. Nilimwona kabisa kichwani yule mama amekaa barazani na khanga yake, macho yako kwenye ua wa jirani.

Nikaenda ukutani. Picha ya Anande ilikuwa katikati, nyeusi na nyeupe kama za wenzake, anatabasamu kidogo, chini yake meza yenye maua meupe mengi na kibao cha Kiingereza kinachosema "kwa heshima ya" halafu jina lake lote na la chuo. Nikaona imependeza! Nikapiga. Nikaanza kuandika, na kwa sababu nilikuwa na kiherehere (nimeshakiri) sikutaka kuandika "hongera" kama kila mtu, nikataka Kiswahili kilichonyooka, nikataka kusema, dada yetu Anande ametutoa kimasomaso, yaani ametupa heshima mbele za watu. Nikaandika "Wapendwa, dada yetu Anande ametuto", na simu yangu, ambayo nayo imeshakuwa katibu wa misiba, ikanimalizia. Nikagusa. Ikaniletea na maneno ya mbele, "Taarifa zaidi zitafuata." Nikaona sawa, si kweli zitafuata? Nikagusa tena. Lile "kimasomaso" nilijaribu kulichomeka katikati, simu ikalikataa, hailijui, haijawahi kulihitaji, na hapo hapo mzee mmoja wa Kizungu mwenye tai ya kipepeo akaja kwa adabu zake akaniambia sherehe inaanza, simu zizimwe, tafadhali, sasa hivi. Nikasema moyoni, kimasomaso nitaliandika baadaye. Nikatuma. Kwenye grupu na kwa Mwalimu Nakijwa, kwa mpigo mmoja. Nikazima simu, nikaingia ukumbini nikitabasamu.

Wenzangu, lisomeni lile neno nililolituma. Herufi moja tu imezidi. Someni na jina la aliyelituma, someni na picha nyeusi na nyeupe yenye maua meupe chini yake, halafu mpigieni Anande simu na simu imezimwa, mnipigie na mimi simu imezimwa. Mngefanya nini?

Kumbe wenyewe walifanya kila kitu. Sisi tuko ndani, kwenye kanisa dogo la chuo lililo humo humo jengo kuu, ndilo ukumbi wao, tunaombewa, tunaimbiwa, halafu mkuu wa chuo akaanza historia tangu jiwe la msingi (chuo kidogo, lakini historia yake haina mwisho), na huku nje dunia inawaka moto. Pearland wanawake walishafika nyumbani kwa Anande na masufuria, mmoja ana ufunguo, wakafungua, wakatoa makochi yote nje kwenye majani, wakatandika mikeka sebuleni. Dallas nako, waliosoma kile kibao kwenye picha wakasema, aa, mwili uko huko chuoni, ndiko wanakomuaga, twendeni. Wakapanda magari.

Mimi sijui hata moja. Nimekaa mstari wa mbele kama mama wa bibi harusi. Anande akaitwa mwisho kabisa, akasimama kwenye kipaza sauti na joho lake, akaongea kwa ile sauti yake ya chini. Akasema mgonjwa wa kiharusi akikuambia yuko shambani na mwaka ni ule aliokuwa msichana, sisi tunakimbilia kumsahihisha, tunamwambia hapana bibi, uko hospitali, mumeo alishakufa, na kila tukimwambia anafiwa upya. Akasema, "Usimvute aje uliko wewe. Mfuate aliko. Muulize shambani wanalima nini." Mimi machozi yakanilenga, nikajisikia fahari, kana kwamba na mimi nimo ukutani.

Ndipo tukasikia yowe. Si yowe la mtu aliyejikwaa, yowe la msiba, lile mnalolijua, linatokea pale pale ukutani kwenye maua. Milango ikafunguka, akaingia Maman Chantal wa Haltom City, kiongozi wa kwaya ya Wakongo, amejifunga kitenge kifuani, amefumba macho, mikono kichwani, anaimba wimbo wa kuzika, na nyuma yake watu wamevaa nyeusi, Wakongo, Wakenya, Watanzania, na Nyambura yumo katikati na nguo zake za hospitali na kitambulisho kinaning'inia shingoni. Wakapita katikati ya viti wanaimba. Na wale Wazungu, Mungu awabariki, wakadhani ni sehemu ya ratiba! Wakadhani ndivyo Waafrika tunavyompongeza mtu. Wakasimama wote, wakaanza kupiga makofi kwa kufuata mdundo, na yule mzee wa tai ya kipepeo anatingisha kichwa kwa furaha.

Maman Chantal akafika mbele, akafumbua macho atafute jeneza. Akamwona Anande amesimama.

"Yesu! Iko anasimama! Anande iko muzima!"

Akaenda chini mzima mzima, na kwenye kuanguka akashika kitambaa cha meza ya pale mbele, kando ya kipaza sauti, vyombo vya maua vikamfuata. Makofi yakakatika. Nyambura yeye hakumwangalia hata Anande, alinitafuta mimi kwa macho mpaka akanipata, akanijia.

"Mwanahawa! Si ni wewe umetuma? Umesema ametutoka! Mimi nimeacha wagonjwa, nimelia njia yote, ati kumbe mtu ako hapa anatoa speech?"

"Mimi? Nimesema ametutoa!"

"Kutoa wapi? Hebu soma!" Akanisukumia simu yake usoni. Nikasoma.  Ukumbi mzima unaniangalia, Wazungu hawaelewi lugha lakini wanaelewa kwamba mwenye makosa ni yule wa gauni la kijani, na mimi nimesimama nimeshika simu ya watu, mdomo wazi. Nilitamani ardhi ipasuke. Mkuu wa chuo akaja kuniuliza taratibu kama kuna tatizo lolote, na Kiingereza chote nilichosomea mle mle chuoni kwake kikanikimbia, nikamwambia tu, "K. Ni herufi ya K."

Aliyeniokoa ni Anande. Alisogea kwenye kipaza sauti akasema, "Jamani, mimi mzima," kisha akawafafanulia Wazungu kwa lugha yao, akaanza kucheka, akacheka mpaka akajishika kwenye ile meza, na ukumbi mzima ukacheka, Maman Chantal chini pale naye akacheka huku analia, watu wakapanda jukwaani wanamshikashika mashavu. Laiti mkasa ungekwisha hapo! Ningekuwa nausimulia mwenyewe kwenye kila harusi.

Lakini katikati ya vicheko nikawasha simu yangu. Ikatetemeka haikomi. Nikapitisha macho, grupu, grupu, grupu, halafu Mwalimu Nakijwa. Mwalimu Nakijwa amepiga. Amepiga tena. Amepiga mara nyingi, kisha akaacha.  Anande aliniona kutoka jukwaani, na kile kicheko nilikiona kinavyomwisha usoni.

"Mwana. Ulimtumia na mama?"

 Alishuka, akachukua simu mkononi mwangu, akapiga yeye. Ikapokelewa na kelele, watu wanalia nyuma, gari linanguruma. Akasema, "Mwalimu, ni mimi Anande."  Akarudia, "Mwalimu, mimi mzima, ni makosa ya simu, nipe mama." Mwalimu Nakijwa akasema kitu ambacho sikukisikia, lakini nilimwona Anande anakaa kwenye ngazi ya jukwaa polepole, joho limemzunguka. Aliniambia baadaye. Mwalimu alivuka ua analia, yule mama akamwona anakuja na simu, akainuka kwa furaha akasema, "Imefika? Hebu nione." Akaona picha kwanza. Akatabasamu. Kisha akamtazama mwalimu usoni akauliza kwa nini analia, na mwalimu akamsomea. Akaanguka pale pale barazani. Tulipopiga walikuwa njiani kumpeleka hospitali.

Jioni ile Anande alirudi Pearland akakuta nyumba yake imeshakuwa nyumba ya msiba, makochi nje, mikeka ndani, pilau jikoni. Hakuna aliyeondoka. Walikaa naye, maana sasa sababu ya kukaa ilikuwepo. Mimi nilimfuata, nikakaa jikoni nikaosha vyombo, na hakuna aliyenisemesha, na mimi sikutaka kusemeshwa.

Mama hakufa. Kilikuwa kiharusi, upande wa kulia ulilala na maneno yakamwisha, halafu baada ya wiki kadhaa maneno yakaanza kurudi moja moja. Kila siku Anande alipiga simu, na mimi siku moja nilikuwepo, ameiweka sauti kubwa mezani. "Mama, ni Anande." Yule mama akasema asante kwa sauti ya adabu, ile tunayompa mgeni. "Mama, ni mimi mwanao." Tukamsikia anamwuliza Mwalimu Nakijwa pembeni, huyu anayelia ni nani? Kila walichomweleza, kwamba ni kosa la maandishi, kwamba binti yuko hai, alisikiliza, akaitikia, na kesho yake alikuwa amefiwa tena. Alijua jambo moja tu kwa uhakika: mwanawe alikufa Marekani, na kuna picha.

"Nakwenda," Anande akasema. "Akinishika uso atanijua."

Nilimpeleka uwanja wa ndege mimi, niling'ang'ania.  Tulipofika nikazima gari nikaanza kuomba msamaha upya, akanikatiza, akasema, "Mwana, nimekukasirikia. Nakasirika nikiamka, nakasirika nikilala. Nitakusamehe, najua nitakusamehe, ila usinidai leo." Akashuka na begi lake. Nililia pale pale kwenye maegesho mpaka askari akaja kunigongea kioo.

Ukatibu niliuacha. Waliniomba nirudi, wakasema ni makosa ya kibinadamu, nikawaambia tafuteni mtu ambaye simu yake bado haijui kifo. Siku hizi sitangazi kitu chochote kwa maandishi. Mwanangu akifaulu mtihani napiga simu, napiga kwa mmoja mmoja, na neno langu la kwanza ni "Wote wazima," ndipo nasema nilichopigia. Watu wananicheka. Wacha wanicheke.

Siku chache baada ya kufika Usangi, Anande alinitumia ujumbe wa sauti, bila salamu na bila maelezo. Aliurekodi akiwa sebuleni kwa mama yake. Kuku wanasikika nje. Ile picha, Mwalimu Nakijwa alishaniambia, imesafishwa ikawa kubwa na imetundikwa ukutani juu ya kochi, mama aliwaagiza, na kila asubuhi inabadilishiwa maua chini yake. Unamsikia Anande anasema, "Shikamoo mama." Mama anaitikia, anamshukuru kwa kuja mbali kote huko. Kisha kwa ile sauti yake ya sasa ya kuvuta neno moja moja anamwuliza, "Wewe mwanangu, ulisoma na marehemu?"

Hapo wanasikika kuku tu. Mara ya kwanza nilidhani ujumbe umekwisha.

"Ndiyo mama," Anande anasema. "Nilisoma naye."

"Alikuwa mtu wa namna gani, huko chuoni?"

Unasikia kiti kinaburutwa, anasogea karibu. Kisha anaanza kumweleza.